Mvinyo wa Maskati

Kwa miezi kadhaa chupa ya mvinyo ilikaa kwenye kabati la vyombo nyumbani kwa mama yangu, Ujiji, kati ya birika la kahawa na zile sahani za maua zinazomsubiri mgeni ambaye bado hajazaliwa. Mama yangu hanywi hata togwa iliyolala, kwa kuogopa isije ikawa imeamka na nia nyingine. Wageni waliokuja kumjulia hali waliiona chupa, wakanyamaza kwa adabu, naye akawaambia bila kuulizwa: "Hiyo ya Maskati." Wakaitikia mashaallah. Mimi ndiye niliyeileta, na wakati huo nilikuwa natazama mkeka.

Nafanya kazi ya kuhudumia mezani kwenye hoteli moja iliyo juu ya ziwa, upande wa Kigoma mjini. Wageni wetu wengi ni Wazungu waliokuja kutazama sokwe. Wanashuka kwenye boti wamelowa, magoti yamechubuka, na cha kwanza wanachoomba si maji wala taulo, ni mvinyo mweupe uliotoka kwenye friji. Sijui sokwe huwa wamewaambia nini huko.

Zamani mgeni akituuliza mvinyo fulani ukoje, sote tulijibu "mzuri". Akiuliza wa pili, nao mzuri. Mwenye hoteli akaona haya, akamleta mwalimu kutoka Dodoma, kwenye mashamba ya zabibu, aje atufundishe kwa siku chache. Nilimweleza mapema kwamba mimi ni Mwislamu na sinywi. Akasema hata yeye akiwa kazini hanywi, anatema, na tena pua haina dini. Nikamwambia yangu inayo. Tukakubaliana kwamba nitanusa tu.

Alikuwa mtu mkavu, hana mchezo. Ukimwambia kitu kinanukia vizuri, anakutazama kama aliyeulizwa njia ya kwenda mahali aliposimama. "Vizuri si harufu," alisema. "Taja kitu." Mwenzangu mmoja, Muha wa Kasulu, alinusa mvinyo mwekundu akataja banda la mbuzi. Tulicheka mpaka tukashika meza. Mwalimu hakucheka, akasema huyo ndiye mtu wa kwanza kusema kweli tangu asubuhi. Kuanzia hapo tukaanza kutaja. Tulitaja ngozi ya ng'ombe, tangawizi, kamba iliyolowa, kanisa, ndizi zilizopitiliza. Kanisa nilisikia likitajwa na Mkristo, mimi sikuingilia.

Siku ya mwisho akafungua chupa ya mvinyo mweupe kutoka Afrika Kusini, karatasi yake imeandikwa MUSCAT kwa herufi kubwa. Akatueleza kwamba zabibu nyingi za mvinyo ukizila hazina harufu ya maana. Harufu huja baadaye, kwenye pipa, kwa ufundi wa watu. Hii ni tofauti. Inanukia ikiwa bado kwenye mti, na mvinyo wake ukiwa tayari unanukia zabibu ileile, pamoja na waridi, ua la mchungwa na ganda la ndimu. Kuhusu jina, alisema wenyewe hawajaafikiana: wapo wanaolitoa kwenye mji wa Maskati, na wapo wanaolitoa kwenye miski. Nikainamisha pua kwenye glasi. Sikuhitaji kufundishwa kitu. Ilikuwa ni jikoni kwa mama yangu.

Mama yangu anapika udi. Sisemi ule wa vijiti unaouzwa dukani, ambao yeye anauita dawa ya mbu. Nasema udi wa kufukizia maharusi: sukari, marashi ya waridi, vipande vya udi wenyewe, sandali, mafuta ya miski na ya ambari, vyote kwenye sufuria moja juu ya mkaa. Bibi harusi wa Ujiji akiingia ndani bila kufukizwa udi wa mama, watu walisema kaolewa nusu. Hakuwahi kupima kitu chochote. Kipimo kilikuwa pua. Sukari inapopikwa inafika mahali inaacha kunukia sukari, na hapo una nafasi ya kusema bismillahi tu kabla haijaungua. Mama alikuwa anaisema bismillahi hiyo akiwa amefumba macho.

Pua hiyohiyo ndiyo iliyokuwa polisi wa nyumba. Ilijua jirani kakaanga nini, nani kapitia wapi, na nani kavuta sigara halafu akatafuna majani ya mpera. Kaka yangu ananunua dagaa kwa wavuvi wa Kibirizi na kuwasafirisha mikoani, na miaka yote alikuwa haruhusiwi kuvuka kizingiti kabla hajaoga uani. Mtu mzima, ana wake wawili, anaogea ndoo nje kama aliyefukuzwa jeshini.

Kisha ukaja ule ugonjwa ambao siku zile tuliuita changamoto ya upumuaji, maana jina refu lina heshima zake. Mama alijifukiza majani ya mchaichai, kivumbasi na malimau, akajifunika blanketi zito, na alipotoka humo kifua kilikuwa kimepona na pua haipo. Hakulia. Alichosema ni kwamba karafuu zimechacha. Akaagiza nyingine, nazo zikawa zimechacha. Akasema pilipili manga ya siku hizi inachakachuliwa. Siku alipolaumu limau, akasema hata Mungu siku hizi... halafu akaliweka limau chini, ndipo nikaelewa, na nadhani na yeye alielewa.

Chakula kikapoteza maana. Mgebuka wa ziwani kwa mawese, ambao zamani akiupika watu wanakuja kuuliza habari za wagonjwa wasiokuwepo, sasa alikuwa anautafuna kwa kutii tu. Sombe, kisamvu cha kwetu, aliionja akaisukuma. Kanga ikawa inamzunguka na kubaki. Nasema wazi: niliogopa. Niliona mama anakwenda kufa, na si kwa ugonjwa, bali kwa kukosa sababu ya kumeza. Daktari akatuambia pua inaweza kufundishwa upya. Anuse vitu vikali kila asubuhi, karafuu, limau, waridi, na asikate tamaa. Mama alinusa kwa muda, mtu mwenye nidhamu. Kila siku jibu lilikuwa moja. "Hakuna."

Sasa kulikuwa na mgeni pale hotelini, bibi wa Kizungu mwenye kofia pana. Aliagiza chupa nzima ya ile Muscat, akanywa glasi moja, akasifia ziwa, akaenda kulala. Asubuhi akaondoka na boti. Mwenye hoteli akaniambia niimwage au niichukue, mradi isikae kwenye friji. Nikaiziba, nikaifunga kwenye kanga, nikapanda bajaji. Kizibo hakikuwa kizuri. Tulipofika Ujiji dereva akavuta pumzi akasema leo bajaji yake inanukia harusi.

Nilimwambia mama ukweli kabla sijaketi. "Mama, hii ni pombe. Haiingii kinywani. Ni ya kunusa."

"Nani kakwambia nataka kunywa?"

"Nasema tu."

"Lete miwani." Akaishika chupa kwa ncha za vidole, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Maskati," akasoma.

"Ni jina la zabibu, mama."

"Zabibu ya Maskati. Hawa waandishi wao hawajui tahajia."

Kwa mama yangu kila kitu chenye maana kilitoka Maskati: halua, udi mzuri, na mjomba wake mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Sikubishana. Nilimimina kidogo kwenye kikombe cha kahawa, nikakiweka chini ya pua yake kama nilivyofundishwa. Nikamwambia afumbe macho, asivute kwa nguvu, avute kidogo kidogo. Na kwa kuwa vizuri si harufu, nikaanza kumtajia.

"Kuna waridi," nikasema. "Si marashi ya chupa. Waridi lenyewe, limechumwa lina umande. Unasikia?"

Niliona kope zinatikisika.

"Nasikia," akasema.

Nikashika kikombe kwa mikono miwili. "Kuna ua la mchungwa, la asubuhi, jua halijalipiga. Unasikia?"

"Nasikia."

"Na ganda la ndimu, ukilikwaruza kwa ukucha."

"Nasikia. Endelea."

Nilirudi kazini nikilia kwenye bajaji. Dereva akazima redio.

Tukawa na desturi. Kila asubuhi kabla sijaenda kazini napitia kwake, nafungua kabati, namimina kijiko kimoja, naketi mkekani. Yeye anafumba macho, mimi nataja. Baada ya siku chache akauliza kama kuna mgebuka sokoni. Baada ya wiki akagombana na msichana anayemsaidia kuhusu chumvi ya sombe, nikamshukuru Mungu kwa ugomvi ule. Mashavu yakaanza kurudi. Niliwaambia watu wote kwamba mama amepata pua. Nilimwambia hata daktari, akaandika.

Kaka yangu ndiye aliyeharibu. Ana ndevu mpya na msimamo mpya, na msimamo bado haujamzoea. Siku moja aliingia moja kwa moja, na gunia lake la sampuli za dagaa begani, akatukuta mimi na mama na kikombe.

"Nini hicho?"

"Pombe," nikasema, maana nilishachoka kuficha kitu ambacho sikukificha.

"Nyumba ya baba ina pombe!"

"Ya Maskati," mama akasema bila kufumbua macho.

"Hata ingekuwa ya..." Kaka akaona sentensi inakoelekea, akaikata, akaomba toba, na ugomvi ukasimama mpaka alipomaliza. Kisha ukaendelea. Alisema mimi nimeharibikiwa na hoteli. Nikamwambia yeye ananuka dagaa na mama hajamfukuza, ashukuru. Kisha akaondoka kwenda kumwita maalim.

Maalim ndiye aliyetufundisha sote juzuu, miaka ile tukiwa na makamasi. Ni mzee mwenye sauti ndogo na hana haraka na jambo lolote. Aliketi, akanywa kahawa, akauliza hali ya mama, akauliza bei ya dagaa, na kaka akajibu huku magoti yanacheza. Mwisho akaomba kuiona chupa. Aliisoma mbele na nyuma.

"Kuna mtu aliyekunywa?"

"Hakuna," tukasema.

"Mnaifanyia nini?"

"Mama anainusa," nikasema. "Ilimrudishia pua."

Alifikiri. Akasema dawa haitafutwi kwenye haramu, na kileo hakikai kwenye nyumba ya Mwislamu hata kikiwa kimekaa kwa heshima. Imwagwe.

"Lakini imetoka Maskati," mama akasema.

"Bi mkubwa, kinacholewesha kinalewesha hata kikija na hati ya kusafiria."

Mama akakubali mara moja. Hilo lilinishangaza, nilijiandaa kwa machozi. Aliuliza jambo moja tu. "Na chupa?"

"Chupa ni kioo," maalim akasema. "Kioshwe."

Tukaumwaga mvinyo kwenye shina la mpapai uani, maalim akiwa amesimama pembeni kama tunazika paka. Kaka hajala papai la mti ule mpaka leo. Mapapai yenyewe hayajabadilika. Chupa nikaiosha kwa sabuni na mchanga, nikaisuuza, nikairudisha kabatini, na moyo wangu ukawa mzito, maana niliona tumeua kitu kilichokuwa kinaanza kupona.

Kesho yake nikapita kumsalimia tu. Mama alikuwa ameshaketi mkekani.

"Leo huji na chupa?"

"Mama, haina kitu."

"Si ipo?"

Nikaitoa, nikafungua kizibo, nikaiweka chini ya pua yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshainusa jana. Ilikuwa na sabuni, na mbali sana, kama mtu aliye ng'ambo ya ukuta, kitu kinachoweza kuwa zabibu. "Unasikia waridi?" nikauliza bila matumaini.

"Nasikia," mama akasema.

Nikajiambia kweli hii ndiyo zabibu yenye harufu kuliko zote duniani, imeshinda sabuni na mchanga. Hata mwalimu wa Dodoma hakutuambia kwamba inaweza hivyo. Tukaendelea. Wiki zikapita, mimi nikisikia kwenye chupa kioo kitupu, yeye akisikia kila kitu. Ikabidi nitafute vitu vipya vya kutaja, maana mtu hawezi kutaja waridi lilelile kila siku kama mwenye kisomo. Nikamtajia udongo wa Kidahwe mvua ikiupiga kwa mara ya kwanza. Nikamtajia maboti ya Kibirizi yakikauka juani. Siku nyingine nilijikuta nimepitiliza, nimetoka kwenye ganda la ndimu nimefika kwenye ugomvi wa wapishi wa hotelini, nani kamwaga mafuta ya nani, na mgeni gani kaomba chai ya maziwa bila maziwa. Mama kafumba macho. "Nasikia, endelea."

Kaka aliendelea kuingia na magunia yake. Mama hakugeuka. Nikadhani amekuwa mpole uzeeni.

Kisha jirani akaja kuomba udi. Binti yake anaolewa, na hakutaka binti aolewe nusu. Alisema kwa kusitasita, anajua mama alikuwa mgonjwa, kama haiwezekani basi. Mama akanitazama. Mimi, nikiwa na kifua mbele, nikajibu kwa niaba yake: "Mama amepona. Atapika."

"Mtoto kasema," mama akamwambia jirani.

Alipika siku yangu ya mapumziko. Nilikuwa uani naanika nguo, naimba, kwa kweli nilikuwa naimba, maana sufuria ile ilikuwa haijatoka chini ya kitanda tangu augue. Nikasikia harufu ya sukari, nikafurahi. Ikawa nene, nikafurahi. Halafu ikageuka. Nikasubiri bismillahi. Haikuja. Ikaja harufu ya kuungua, kali, ya kupanda kichwani, na moshi ukatokea mlangoni. Nikatupa shuka nikakimbia. Mama alikuwa ameketi juu ya kibao chake, uso juu ya sufuria, anakoroga taratibu, ametulia kabisa katikati ya moshi mweusi.

"Mama, inaungua!"

Akatazama ndani. "Eh," akasema, akaiepua.

Nilimtazama. Macho yalikuwa yanamtoka machozi ya moshi, pua imekaa palepale kama pambo.

"Mama, si unasikia?"

"Nasikia."

"Unasikia nini?"

"Nakusikia wewe, unapiga kelele."

Nikaketi chini, sakafuni, kwenye majivu. "Na waridi? Kila siku nakuuliza unasikia, unasema nasikia."

"Umeniuliza nasikia, nikasema nasikia. Mimi si kiziwi. Kuuliza si ujinga, lakini jua unachouliza. Ungeuliza nanusa, ningekwambia sinusi kitu."

Lugha yetu ndivyo ilivyo. Sauti tunaisikia, harufu tunaisikia, njaa na maumivu na baridi tunavisikia, vyote kwa neno moja, na hakuna aliyewahi kulalamika. Miezi yote ile tulikuwa tunalikanyaga neno hilo, mimi, kaka, daktari aliyeandika, hata maalim na elimu yake, na hakuna aliyejikwaa.

Nilikasirika. Kwanza kwa sababu nilishawatangazia watu. Pili kwa sababu ambazo sikuwa na maneno yake. "Kwa nini hukusema?"

Mama alifuta macho kwa pembe ya kanga. Aliongea akiitazama sufuria iliyoharibika.

"Ninyi mnaingia hapa mnaniuliza nimekula, nimelala, nimemeza dawa. Najibu ndiyo, mnaondoka. Tangu baba yenu afariki hakuna mtu aliyekaa akaniambia jambo lenye urefu. Halafu wewe ukaja na kikombe. Unaniambia waridi lina umande, unaniambia ukucha kwenye ndimu. Nikikusikiliza, mate yanajaa mdomoni, na njaa inakuja. Nikaona nikisema sinusi, kesho huji."

"Ningekuja."

"Ungekuja kuuliza nimemeza dawa."

Nililia, naye akaniacha nilie, akaondoka kwenda kutafuta sukari nyingine. Aliporudi akaosha sufuria, akapanga mkaa, akanionyesha kibao cha pili kwa kidevu.

"Kaa. Harusi haijui habari zetu. Mimi nakoroga, wewe sema."

Nikaketi. Nikainamisha pua juu ya sufuria ile kama nilivyoinamisha juu ya glasi, nikavuta kidogo kidogo.

"Sukari," nikasema.

"Bado."

"Sukari, na kitu kama maziwa yaliyochemka."

"Bado."

"Karanga zinakaangwa."

"Inakuja. Usiniache."

"Karanga. Karanga. Sukari imeondoka, mama, imeondoka sasa hivi..."

"Bismillahi," akasema, na marashi yakaingia, mvuke ukapanda ukaniziba uso.

Alitia udi, akatia sandali, kila kimoja akisubiri nimwambie kimetulia au bado kinagombana na mwenzake. Nilimwambia miski imezidi, akaongeza waridi. Nilimwambia waridi sasa linakaba koo, akaliacha juu ya moto mdogo. Kuna wakati nikataja ua la mchungwa.

"Sijatia ua la mchungwa."

"Lipo."

"Basi umekuja nalo kutoka kazini," akasema, akaendelea kukoroga.

Tulimwaga kwenye sinia iliyopakwa mafuta, tukaacha ipoe. Alikata kipande cha pembeni akakiweka juu ya kaa. Moshi ulipopanda jirani alisikika ng'ambo ya ua akipiga kigelegele, mama akajibu kwa kukohoa. Alikuwa amechoka. Akanyoosha miguu, akajifuta mikono kwa kanga muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji, macho yake mlangoni.

"Hebu nikuulize kitu," akasema. "Kwa kuwa leo unasema kweli."

"Uliza."

"Mimi. Nanuka au nanukia?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaendelea bila kugeuka.

"Mtu asiye na pua hajijui. Miezi yote hii naoga asubuhi, naoga jioni, najipaka, sijui najipaka nini. Mgeni akiketi mbali najiuliza ni adabu au ni mimi. Nimefukiza maharusi mji mzima, sijui kama nimekuwa bibi kizee anayenuka. Kaka yako siwezi kumuuliza."

Nikasogea. Niliweka pua yangu shingoni kwake, chini ya sikio, mahali ambapo sikuwa nimepaweka tangu nikiwa mtoto wa kubebwa. Nikafumba macho, nikavuta.

"Kuna moshi," nikasema.

"Huo najua. Taja vingine, na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Sabuni ya mche. Mafuta ya nazi. Karafuu, lakini hiyo ni ya kwenye kanga. Jasho kidogo."

"La lini?"

"La leo."

"La leo tu?"

Nikavuta tena, ili niwe na hakika.

"La leo tu, mama. Unanukia."

Alishusha mabega, na ndipo nilipoona kwamba miezi yote ile alikuwa ameyapandisha.